Damu ya Buluu na Kitabu cha Viwango: Kisa cha Kipimo cha Endotoksini

Chupa ya dripu inayotundikwa kando ya kitanda cha mgonjwa, chanjo anayochomwa mtoto kliniki na kichupa cha insulini kinachotunzwa kwenye friji ya nyumbani vina jambo moja vinavyoshirikiana. Vyote hutengenezwa kwa utaratibu unaodai kipimo ambacho mgonjwa hakijui na ambacho hata muuguzi hana sababu ya kukifikiria. Kipimo hicho hutafuta sumu iitwayo endotoksini, na kwa karibu miaka hamsini kitendanishi chake, yaani kemikali ya kupimia, kimetokana na damu ya mnyama wa baharini anayekamatwa akiwa hai, akatobolewa, akatolewa sehemu ya damu yake, kisha akarudishwa majini, akipona au asipone.

Kisa ninachokichambua ni cha mbadala wa damu hiyo. Ulibuniwa Singapore katika miaka ya 1990 na ukaingia sokoni mwaka 2003. Hata hivyo, kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha Ulaya kiliupa hadhi ya kipimo kinachojitegemea kuanzia Januari 2021 tu, na kile cha Marekani kuanzia Mei 2025. Wanaozungumzia namna ya kupunguza madhara ya utafiti wa baiolojia na teknolojia yake kwa mazingira mara nyingi husema kwamba kinachokosekana ni ugunduzi. Katika kisa hiki ugunduzi ulikuwapo kabatini kwa miaka mingi. Kilichochukua muda ni kuamua nani atabeba mzigo wa kuthibitisha, na mzigo huo uliwekwa mabegani mwa yule aliyetaka kuacha kumdhuru mnyama, si mwa yule aliyeendelea.

Sumu isiyokufa na mwenyewe

Endotoksini ni vipande vya ukuta wa nje wa bakteria wa kundi la Gram-hasi, kundi lenye E. coli na jamaa zake wengi. Kikemia ni lipopolisakaridi, yaani mafuta yaliyoshikamana na mnyororo wa sukari. Bakteria anapokufa vipande hivi havifi pamoja naye, hutawanyika zaidi. Mvuke wa otoklevu wenye joto la nyuzi 121 huua bakteria wote lakini huiacha sumu hii ikiwa na nguvu zake, na ndiyo maana dawa inaweza kuwa haina kijidudu hai hata kimoja, ikatimiza masharti yote ya usafi, na bado ikampandishia mgonjwa homa, ikamshusha shinikizo la damu na kumtia katika mshtuko wa kuua. Vyombo vya kioo husalimika kwa kuokwa katika joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30. Dawa yenyewe, hasa ikiwa ni protini, haiwezi kuokwa namna hiyo.

Njia inayobaki ni kupima, na viwango ni vikali. Dawa inayoingia mshipani haitakiwi kumpa mgonjwa zaidi ya vizio 5 vya endotoksini kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, maana yake mtu wa kilo 60 asipokee zaidi ya vizio 300 katika saa moja. Maji ya kutengenezea dawa za sindano hayaruhusiwi kufika vizio 0.25 kwa mililita. Msomaji aishike hesabu hiyo ya maji, kwa sababu baadaye itaonekana kuwa ndiyo kitovu cha jambo lote.

Zamani kazi hii ilifanywa na sungura. Farmakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa cha nchi hiyo, iliingiza kipimo cha sungura mwaka 1942: sungura watatu huchomwa dawa kwenye mshipa wa sikio, kisha joto lao hufuatiliwa kwa saa tatu. Halafu mwaka 1956 Frederik Bang wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akifanya utafiti katika maabara ya baharini ya Woods Hole, jimbo la Massachusetts, alieleza kwamba damu ya mnyama mmoja wa ufuoni huganda inapoguswa na bakteria wa Gram-hasi. Katika miaka ya 1960 alishirikiana na daktari wa damu Jack Levin, na wakaonyesha kuwa kinachoigandisha ni endotoksini. Wakatengeneza kitendanishi kutokana na seli za damu hiyo. Jina lake kamili, kwa ufupisho wa LAL, lina maana ya mchujo wa seli za damu za Limulus, jina la kisayansi la mnyama huyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa kibali cha kwanza cha kitendanishi hicho mwaka 1977.

Inafaa kukiri kwamba LAL yenyewe ilipokelewa kama hatua ya huruma. Iliwaokoa sungura wengi mno, ilikuwa ya haraka na ilinasa kiasi kidogo zaidi cha sumu. Walioianzisha hawakuwa watu wasiojali viumbe, na anayekisoma kisa hiki akidhani kina shujaa na jambazi hatakielewa.

Mnyama na bamvua zake

Mnyama mwenyewe, Limulus polyphemus, huitwa na Waingereza kaa wa kiatu cha farasi kwa sababu ya gamba lake la mviringo, ingawa si kaa. Ukoo wake uko karibu zaidi na buibui na nge. Hapa nitamwita kaa-kiatu kwa ufupi. Mvuvi wa Kilwa au wa Lamu hajapata kumvua: spishi zake nne zilizobaki duniani zinaishi moja katika pwani ya Atlantiki ya Amerika Kaskazini hadi Yukatani, na tatu katika Asia, kutoka pwani za India hadi Japani na Indonesia. Mabaki ya jamaa zake katika mawe yana umri wa zaidi ya miaka milioni 400. Damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma.

Maskani yake makuu ni Ghuba ya Delaware, kati ya majimbo ya New Jersey na Delaware. Mwezi Mei na Juni, maji ya bamvua yanapojaa usiku kwa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kaa-kiatu hupanda ufuoni kwa maelfu. Jike hufukia mayai mchangani, takriban 4,000 kwa kila fungu, na kwa msimu mzima hufikisha makumi ya maelfu. Mayai hayo ni chakula cha wengine. Ndege mdogo wa ufuoni wa jamii ya vitwitwi, Calidris canutus rufa, huwasili Delaware wakati huohuo akitoka ncha ya kusini ya Amerika, amekonda baada ya safari ya maelfu ya kilomita, na kwa wiki kama mbili hula mayai hayo hadi uzito wake unakaribia kuongezeka maradufu, kisha huruka kwenda kuzaliana Aktiki. Ndugu zake wa spishi nyingine ndio wale wanaoonekana wakichokora matope huko Mida, Watamu, wakati wa majira ya baridi ya kaskazini. Tabia ya kutegemea kituo kimoja chenye chakula tele wanashirikiana. Katika miaka ya 1980 vitwitwi hao walihesabiwa Delaware zaidi ya 90,000. Mwaka 2021 waliohesabiwa hawakufika 7,000. Serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuwaorodhesha tangu mwisho wa 2014 kama ndege walio hatarini.

Upungufu huu haukuletwa na maabara peke yake, na ni lazima hilo lisemwe wazi. Karne ya 19 watu wa Delaware waliwasaga kaa-kiatu kuwa mbolea, kwa mamilioni. Katika miaka ya 1990 wavuvi waliwatumia kama chambo cha mikunga na cha konokono wakubwa wa baharini, na kwa mwaka mmoja waliuawa zaidi ya milioni 2. Baada ya hapo Tume ya Uvuvi ya Majimbo ya Atlantiki ilitoa mpango wa usimamizi mwaka 1998, hifadhi ikatengwa mdomoni mwa ghuba mwaka 2001, na New Jersey ikapiga marufuku uvuvi wake kwa ajili ya chambo. Hadi leo chambo huua kaa-kiatu wengi zaidi kuliko sindano za maabara. Tofauti ni kwamba uvuvi wa chambo uliwekewa mgao unaopungua, ilhali mahitaji ya maabara yaliachwa yapande: mwaka 1989 yalikadiriwa kuwa kaa-kiatu 130,000 hivi, na mwaka 2022 waliokamatwa kwa ajili ya damu walizidi 900,000.

Utaratibu wa kutoa damu ni huu. Kaa-kiatu hukamatwa kwa mkono ufuoni au kwa nyavu za kukokota, husafirishwa, husafishwa, hukunjwa kwenye vishikizo vilivyopangwa kwa safu, na sindano huingizwa kwenye ngozi laini ya kiungo cha gamba hadi karibu na moyo. Hutolewa kiasi kinachofika asilimia 30 ya damu yake. Kwa kawaida hurudishwa baharini katika siku moja au mbili. Tume hukadiria kuwa asilimia 15 hufa. Utafiti wa Massachusetts uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta vifo vya majike vikikaribia asilimia 30, na utafiti mwingine wa 2013 uliona kuwa majike waliotolewa damu hutembea kidogo na huenda wakapunguza safari za kupanda ufuoni kutaga. Kwangu mimi matokeo haya ya pili ni mazito kuliko yale ya vifo, kwa kuwa hayaingii katika hesabu ya mtu yeyote. Jike aliyerudi majini hai lakini akakosa bamvua mbili za kutaga anaandikwa kuwa amesalimika.

Mpango wa 1998 uliweka kiwango cha tahadhari cha vifo 57,500 kwa mwaka kutokana na kazi ya maabara. Kiwango hicho kilivukwa karibu kila mwaka tangu 2007, na kuvukwa kwake kuliitaka tume ifikirie hatua, si kuzichukua. Kaa-kiatu hukomaa akiwa na miaka 9 hadi 11. Kosa linalofanywa leo halionekani ufuoni hadi mwongo mzima upite, na viumbe wa namna hiyo huumizwa sana na taasisi zinazosubiri dalili zionekane kwanza.

Jeni kutoka kwenye mikoko

Damu ya kaa-kiatu inapokutana na endotoksini huganda kwa hatua zinazofuatana. Protini iitwayo Faktori C huinasa sumu na kuamka. Huiamsha ya pili, nayo huamsha ya tatu, na mwishoni utando mzito huzuka. Mlango wa mlolongo wote ni Faktori C. Wanabaiolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, Jeak Ling Ding na Bow Ho, waliuliza swali rahisi: kama mlango ni mmoja, kwa nini tumchote mnyama mzima? Walifanya kazi na kaa-kiatu wa mikoko wa huko kwao, Carcinoscorpius rotundicauda, wakaitenga jeni ya Faktori C na kutafuta seli nyingine ya kuifanyia kazi.

Hapo palikuwa na ugumu wa kipekee. Kiwanda cha kawaida cha protini katika baioteknolojia ni E. coli, na E. coli ndiye chanzo cha sumu inayotafutwa. Kumtumia ni sawa na kuosha chombo kwa maji machafu. Walijaribu hamira, haikuwapa protini inayofanya kazi. Hatimaye walifaulu kwa seli za wadudu zilizobebeshwa jeni hiyo kwa kutumia kirusi cha wadudu. Faktori C iliyotengenezwa hivyo huinasa endotoksini na kukata kemikali inayotoa mwanga, na mwanga huo hupimwa kwa mashine. Haina mlolongo wa pili ulio katika damu halisi, ambao huamshwa na sukari za kuvu na kuleta majibu ya uongo. Kwa jambo hilo mbadala ulikuwa sahihi kuliko damu. Na kwa kuwa hutengenezwa kiwandani kwa mchanganyiko uleule kila mara, hautofautiani kati ya bechi na bechi kama inavyotofautiana damu ya wanyama wa misimu mbalimbali.

Mwaka 2003 kitendanishi hicho kikaanza kuuzwa kwa jina la PyroGene. Ungetazamia kwamba viwanda vya dawa vingekikimbilia.

Mzigo wa uthibitisho

Havikukikimbilia, na sababu zake zinastahili kuangaliwa moja moja kwa uaminifu.

Ya kwanza ni hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Kwa miaka mingi muuzaji alikuwa mmoja. Msimamizi wa ubora katika kiwanda cha dawa huogopa jambo moja kuliko bei kubwa, nalo ni kuamka asubuhi akiambiwa kwamba muuzaji wake pekee hana bidhaa, mstari wa uzalishaji ukasimama na dawa ikaadimika hospitalini. Hofu hiyo haikuwa kisingizio. Wazalishaji wengine walianza kuingia sokoni katika mwongo uliofuata.

Ya pili ni mashine. Kipimo cha LAL husomwa kwa kuangalia ukungu au rangi, na vifaa vyake vilikuwa vimeenea. Kipimo cha Singapore kilidai msomaji wa mwanga, kifaa tofauti, pamoja na mafunzo mapya. Kwa maabara kubwa hilo ni dogo. Kwa maabara ndogo linatosha kuahirisha uamuzi mwaka hadi mwaka. Baadaye vilitokea vitendanishi vyenye protini zote tatu za mlolongo, zilizotengenezwa kwa jeni, vinavyosomeka kwenye mashine za zamani.

Ya tatu, na ndiyo kiini, ni maandishi ya farmakopia. LAL iliandikwa katika sura rasmi ya kipimo cha endotoksini. Kiwanda kinachotumia njia iliyomo katika sura hiyo kinatakiwa kuonyesha tu kwamba dawa yake haiingiliani na kipimo. Kiwanda kinachotaka kutumia Faktori C ya kutengenezwa kilihesabiwa kuwa kinatumia njia mbadala, na mwongozo wa mamlaka ya Marekani wa 2012 uliiruhusu kwa sharti kwamba mwombaji ahakiki njia nzima mwenyewe: usahihi wake, uwezo wake wa kurudia jibu, mipaka yake, na ulinganifu wake na LAL. Si mara moja kwa wote. Kila kampuni kwa dawa yake. Na kama dawa ilikuwa imesajiliwa katika nchi 80, faili lake lilipaswa kurekebishwa katika nchi 80.

Sheria haikukataza, na hilo ndilo lililoifanya iwe vigumu kuipinga. Mtu akilalamika, jibu lilikuwa tayari: ruhusa ipo, ombeni. Lakini ruhusa inayomgharimu mwombaji miaka na fedha nyingi, huku asiyeomba akiendelea bila gharama, ina mwelekeo wake hata kama haukuandikwa. Naamini hapa ndipo wengi wetu tunaoshughulika na sayansi tunapokosea: tunatazama kilichokatazwa na kilichoruhusiwa, hatutazami nani analipa ili kuitumia ruhusa.

Hoja za upande wa pili ninazijua na siziiti za hila. LAL ilikuwa na miongo minne ya kulinda wagonjwa. Endotoksini safi ya maabara haifanani kabisa na ile inayozalishwa na bakteria waliomo kwenye mabomba ya maji ya kiwanda, na wapinzani walitaka data zaidi kutoka sampuli halisi za maji. Kipimo kikishindwa kunasa sumu, anayekufa ni mgonjwa, mara nyingi mtoto mchanga au mtu aliye dhaifu tayari. Tahadhari katika jambo kama hili ni wajibu. Swali langu ni jingine: kwa nini data hizo zilitarajiwa kutoka kwa kila kampuni kwa faragha, badala ya taasisi inayoandika kitabu kuzikusanya kwa pamoja na kuamua mara moja?

Mtazamaji wa ndege kiwandani

Aliyesogeza jambo hili ndani ya kiwanda anajulikana. Jay Bolden, mwanabaiolojia wa kampuni ya dawa ya Eli Lilly huko Indiana, ni mpenzi wa kutazama ndege, na alijua uhusiano wa kaa-kiatu na vitwitwi wa Delaware. Alianza kushawishi wakubwa wake wakubali Faktori C ya kutengenezwa.

Uamuzi uliofikiwa ulikuwa wa busara ya kiutendaji, na ndio sehemu ya kisa hiki inayofaa kuigwa kuliko zote. Kampuni haikuanza kwa kufungua upya mafaili ya dawa zake za zamani. Ilianzia mahali pawili. Kwanza, dawa mpya ambazo faili lake halijaandikwa. Kwa hizo gharama ya kuhakiki njia ingekuwapo vyovyote. Pili, maji. Watu hudhani kwamba damu nyingi hutumika kupima dawa iliyokamilika, lakini katika kiwanda cha sindano sehemu kubwa ya vipimo vya endotoksini hupima maji ya kutengenezea, siku baada ya siku, bomba kwa bomba. Maji ni sampuli safi, hayana protini wala chumvi za kuvuruga kipimo, na hayadai kibali kipya kwa kila dawa na kila nchi. Ukibadilisha kipimo cha maji peke yake umekwisha kupunguza damu kwa kiasi kikubwa bila kugusa cheti cha dawa hata kimoja.

Septemba 2018 mamlaka ya Marekani iliidhinisha dawa ya kampuni hiyo ya kuzuia kipandauso, Emgality, ikiwa ya kwanza nchini humo kuachiliwa sokoni kwa kipimo cha Faktori C ya kutengenezwa. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu kitendanishi kianze kuuzwa.

Vitabu viwili

Ulaya ilichukua njia fupi. Farmakopia yake iliandika sura mpya, namba 2.6.32, kwa ajili ya kipimo cha Faktori C ya kutengenezwa, ikaichapisha Julai 2020 na kuianzisha tarehe 1 Januari 2021. Siku hiyo mzigo ulihama, kwani mtengenezaji hakuhitaji tena kuthibitisha kuwa njia yenyewe inafaa.

Marekani ilisitasita. Mwaka 2019 farmakopia yake ilipendekeza kuiingiza Faktori C katika sura ya zamani, bega kwa bega na LAL. Mwishoni mwa Mei 2020 iliondoa pendekezo hilo na kuliweka suala katika sura ya ushauri isiyo na nguvu ya lazima, ikieleza kuwa data hazijatosha. Wakati huo dunia ilikuwa mbioni kutafuta chanjo ya UVIKO-19, na wapenda ndege waliingiwa na hofu kwamba mabilioni ya dozi yangemaliza kaa-kiatu. Watengenezaji wa LAL walijibu kuwa vipimo vya dozi bilioni 5 vingechukua kitendanishi cha chini ya siku moja ya uzalishaji wao. Naliona jibu hilo kuwa na ukweli, na ukweli wake unawageukia waliolitoa: kama chanjo ya dunia nzima ni kazi ya siku moja, basi mamia ya maelfu ya wanyama wanaotobolewa kila mwaka wanatumika kwa kazi za kila siku, zile zilizo rahisi kuliko zote kubadilishwa.

Sura mpya ya Marekani, namba 86, ilipendekezwa mwaka 2023, ikapitishwa na kamati ya wataalamu Julai 2024, na ikaanza kutumika rasmi Mei 2025. Inakubali Faktori C ya kutengenezwa na pia vitendanishi vya mlolongo mzima vilivyotengenezwa kwa jeni. Haimlazimishi mtu kuacha LAL.

Mahali ambapo faili bado ni jeupe

Kwa dawa za zamani, zilizokwisha kusajiliwa katika nchi nyingi, mabadiliko yatakwenda polepole. Kubadilisha kipimo katika faili kunahitaji mtu wa kuandika ombi, mamlaka ya kulisoma na ada ya kulipwa, kwa dawa ambayo tayari inauzika. Baadhi ya dawa hizo zitaendelea kupimwa kwa damu hadi zitakapotoka sokoni. Mbadala nao una gharama zake kwa mazingira: seli za wadudu hukuzwa katika virutubisho, kwa umeme, na vipimo vyote viwili hutumia sahani na ncha za plastiki zinazotupwa baada ya matumizi ya mara moja. Sijaona sababu ya kuudhania mzuri kuliko ulivyo. Unamwondoa mnyama anayechukua mwongo mzima kukomaa, na hilo linatosha kuutetea.

Jambo linaloigusa Afrika Mashariki moja kwa moja ni viwanda vipya. Kigali kuna kiwanda cha BioNTech ambacho jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2022 na ambacho kilizinduliwa Desemba 2023. Kenya imeanzisha Taasisi ya BioVax kwa ajili ya chanjo. Viwanda vya namna hii vina faida ambayo viwanda vya zamani vya Ulaya na Marekani haviwezi kuinunua: kwa dawa ambazo bado hazijasajiliwa, hakuna faili la kufungua upya, hakuna mashine za kizazi kilichopita za kulipia, hakuna wataalamu waliozoea njia moja kwa miaka thelathini. Kwa vitabu vyote viwili vikubwa sasa kuikubali njia mpya, mkuu wa maabara anayepanga kipimo cha maji ya kiwanda kinachojengwa anaweza kuandika Faktori C ya kutengenezwa katika ukurasa wa kwanza, na hatatakiwa kuthibitisha zaidi ya yule anayeandika LAL.

Mamlaka zetu za dawa nazo zina sehemu yao, na ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Hazihitaji kufanya utafiti mpya. Zinahitaji kutamka kwa maandishi, katika miongozo yao ya usajili, kwamba kipimo kilichofanywa kwa sura ya 2.6.32 ya Ulaya au sura ya 86 ya Marekani kinapokelewa sawa na kile cha damu, ili mwombaji asibaki akikisia na kuchagua njia ya zamani kwa woga tu. Tamko hilo linafaa litolewe kabla ya mafaili ya kwanza kupelekwa. Yakishasajiliwa yakiwa na LAL ndani yake, kila badiliko litadai ombi, ada na miezi ya kusubiri, katika kila nchi ambako chanjo hiyo itakuwa imeuzwa.